Zilipendwa, Zikachomwa, Zikauzwa

Kava la CD ya zilipendwa hapa stendi ya Masasi lazima liwe na picha ya Mbaraka Mwinshehe. Ndani anaweza kuwemo, anaweza asiwemo, hiyo si kazi ya kava. Ninayo moja imeandikwa "Mbaraka Adimu", Mbaraka mwenyewe kashika gitaa lake. Ukiitia kwenye deki anaanza Marijani Rajabu, anafuata Marijani Rajabu, halafu inaingia kwaya. Kwaya! Nilipomrudishia muuzaji, aliniangalia kama mtu aliyekuja kulalamika kwamba kazidishiwa chenji. "Mzee wangu, si zote za zamani?"

Na wiki iliyofuata nilikuwa kwake tena, maana nitakwenda wapi? Vijana hawa wananidanganya mchana kweupe, msimu wa korosho CD ya buku wanaipandisha mpaka buku mbili, na bila wao nyumba yangu hapa Lisekese ingekuwa kimya. Watu wa mjini hunishauri ninunue halisi. Halisi ipi? Enzi zile bendi ilikuwa inarekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Inaingia studio, inapiga, inatoka. Mkanda unabaki pale pale ungoje kurushwa hewani. Kiwanda cha santuri nchini hatukuwa nacho, anayetaka santuri aangalie Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Bendi ya Mlimani Park ilizaliwa 1978, humo humo katikati. Sikinde yao yote ile, Bitchuka anaimba, Chidumule anaitikia, sisi tuliisikia redioni, na tukitaka kuisikia tena, tulikaa kuingoja redioni.

Ndiyo maana watu wakawa wananasa. Mwenye redio kaseti alikuwa anaiweka tayari kabla kipindi cha Klabu Raha Leo hakijaanza, kidole kwenye kitufe, na ole wake mtoto atakayekohoa. Kanda hizo ndizo mama wa CD zote za stendi. Ninayoithamini kuliko zote ilinaswa kwa kuelekezea redio kaseti kwenye redio nyingine, nadhani barazani. Solo linapanda, jogoo anawika. Gitaa la pili linaingia, mama mmoja anapaza sauti mbuzi atolewe kwenye mihogo. Siku moja nilisikia kipande cha wimbo huo kikiwa safi kabisa, bila mbuzi, nikaona pamepungua kitu. Tatizo ni kwamba kwenye kanda, kabla haujaisha, mtangazaji anaingia kusoma saa, na mwenye kanda, Mungu amsamehe, akazima. Mpaka leo sijui kama yule mwanamke wa kwenye wimbo alirudi kwa mumewe.

Jogoo nimemsamehe, mbuzi nimemzoea. Nisiyemsamehe ni mchomaji aliyeona wimbo bado una nafasi, akapachika sauti yake: "Kwa mahitaji yako ya flashi, memori kadi na nyimbo zote kali, fika stendi!" Anaisema penye solo. Si mwanzoni, si mwishoni, penye solo, na mwangwi ameuweka juu. Mwaka 2013 TRA ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu, nilitazama kabati langu nikajiuliza kodi ya hizi angelipa nani. Jogoo?

Mpwa wangu hanielewi. "Njomba, hizi zote si zipo YouTube?" Zipo, bando likiwepo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba zimewekwa na Mzungu, tena kazipanga vizuri: mwimbaji huyu, besi yule, mwaka huu. Wala si YouTube tu: mwaka 1987 John Storm Roberts alitoa kwa Original Music mkusanyiko wa muziki wetu wa dansi akauita The Tanzania Sound. Mwaka 2007 Wafaransa wa Buda Musique wakatoa wao wa miaka ya 1960, ni namba tatu katika mfululizo wa Zanzibara. Kava lina picha inayohusika, ndani mna maelezo ya kusoma. Mimi niliyezaliwa na muziki huu nina CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Za kale mchanganyiko, nzuri."

Huku kwetu mpwa ndiye wa kurithi, sasa huyu mikorosho anaitaka, sabufa anaitaka, CD anauliza atazifanyia nini. Mke wangu, Mama Zuhura, hakuuliza, yeye alizipatia kazi. Juzi nimekuta Western Jazz, saboso tupu, imetobolewa na kufungwa uzi juu ya banda la vifaranga, inazunguka na kuwaka jua. Nikaigeuza: haina hata mkwaruzo. Zile zilizochunika ninazozisugua kwa dawa ya meno kila Jumapili hakuziona. "Lakini mwewe hajarudi, Baba Zuhura," akasema, na kweli hajarudi.

Wanaodhani adha hii ya muziki wetu kuhifadhiwa na Wazungu ilianza na Wafaransa waulize habari za Karl Weule. Mjerumani huyu wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi mwaka 1906 akapanda mpaka Masasi na Newala, wapagazi wamembebea fonografu, akawa ananasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde kwenye silinda za nta. Nta hiyo ikaenda Berlin, kwenye hifadhi ya sauti ambayo mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa hiyo rekodi adimu kupita zote za kwetu hazipo stendi, zipo Ujerumani, na mimi hata pasipoti sina.

Nilimsimulia yule kijana wa stendi, nikidhani atasikitika. Aliacha kuchoma kidogo, akafikiri kibiashara.

"Hiyo nta, mzee, inachomekwa yuesibii au ni ya memori?"

Nikamwambia sijui. Akasema nikiipata niilete tu, waya hautakosekana, na kwa sababu mimi ni mteja wa siku nyingi atanifanyia bei ya jumla.