Mjomba, Lile Gari Si Langu

Royal Oak, Michigan
Mwishoni mwa Agosti

  Mjomba, usingizi umeniruka tangu juzi, na kisa ni ile picha.

Naomba niseme mapema kabla mambo hayajaharibika zaidi: lile gari jekundu si langu.

Picha niliituma kwenye kundi la ukoo usiku, nikalala zangu. Kuamka, simu ina ujumbe 63. Shangazi kamshukuru Mungu kwa niaba ya ukoo mzima. Binamu anauliza kama posa sasa ipelekwe, maana mambo yamenyooka. Wewe mwenyewe, Mjomba, umeandika mstari mmoja tu: "Mabati 40, geji 28." Hukutia hata salamu. Nikajua hapo nimeshakwisha.

Sasa nieleze. Huku kuna barabara iitwayo Woodward, inatoka katikati ya Detroit na kupanda hadi mji wa Pontiac. Miaka ya sitini vijana walikuwa wakishindana mbio pale usiku, kutoka taa hadi taa, polisi wakiwafukuza. Vijana hao sasa wana magoti mabovu. Basi tangu 1995, kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, wenye magari ya zama zile huyatoa kwenye magereji, wakayapiga msasa wa mwisho, wakatambaa nayo kilomita 25 hivi, kwenda na kurudi, bila kwenda popote. Shughuli yenyewe inaitwa Woodward Dream Cruise. Hebu fikiria, Mjomba: watu wazima wanatoka nyumbani makusudi kwenda kutafuta foleni. Dar wana shughuli hiyo kila siku na hakuna anayeuza fulana.

Wengine hata hawaendeshi. Huegesha kando, wakafunua boneti, wakakunjua viti, wakakaa. Nilipowaona nikahisi nipo kwenye kijiwe chenu cha kahawa pale Ngamiani, Tanga. Ni baraza lile lile, ila kahawa yao haina tangawizi, na pale ambapo nyie mnaweka bao, wao wameweka injini.

Hapo ndipo nilipomkuta mwenye lile gari jekundu, yaani Mustang. Ni mzee Mweusi mwenzetu, mstaafu wa kiwanda cha magari. Baba yake alihamia Detroit kutoka Alabama kutafuta kazi. Nikamwomba nipige picha na gari lake la 1966. Akakubali kwa sharti moja: nisiliegemee. Kumbe huku ni mwiko mkubwa, kwa sababu bizimu ya mkanda wa suruali hukwaruza rangi. Kwa hiyo, Mjomba, kuza ile picha uitazame vizuri. Utaona kati ya kiuno changu na gari pana upenyo wa kupita mkono. Lile tabasamu mlilolisifu ni maumivu ya mgongo. Nimeegemea hewa.

Mbele ya gari mzee ameweka ukurasa wa gazeti la zamani, umetiwa nailoni kama cheti cha kuzaliwa. Ni tangazo. Akanisimulia usiku wa tarehe 16 Aprili 1964, saa tatu na nusu, Ford waliponunua muda ule ule kwenye mitandao yote mitatu mikubwa ya televisheni. Ubadilishe stesheni upendavyo, unakuta Mustang tu. Kesho yake gari likazinduliwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ikianzia dola 2,368, na siku hiyo moja watu wakaagiza zaidi ya magari 22,000. Mzee alikuwa na miaka 12. Alichoweza kuagiza yeye ni ukurasa huo, na aliuchana kwenye gazeti la kinyozi.

Kwenye buti ana jalada zima la kurasa kama hizo. Tulikaa tukazipitia kama watu wanaotazama albamu ya harusi.

Lipo la Mustang ya 1967, la bwana mmoja aitwaye Sidney. Kila Jumapili Sidney huenda ufukweni kuokota makombe ya baharini, mpweke kabisa. Ananunua Mustang. Ghafla anaokoa warembo watatu majini, na tangazo lenyewe linakiri kwamba wote wanajua kuogelea kumshinda yeye! Nikamwambia mzee kwamba kwetu Tanga wanaookota kome na chaza ni akina mama, kwa ajili ya kitoweo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa gari.

Yapo ya Pontiac, na hayo si picha, ni michoro. Walichora mabwana wawili kwa miaka mingi: Art Fitzpatrick alichora gari, Van Kaufman akachora watu na mandhari. Pontiac walikuwa wakijivunia upana wa magari yao, basi Fitzpatrick akawa anayanyoosha kwa brashi mpaka gari linakuwa pana kama kitanda cha bibi harusi. Nyuma yake kuna bahari, hoteli, na bibi mwenye lulu shingoni anayecheka bila sababu.

Chevrolet wao walipanda juu zaidi. Mwaka 1964 waliweka Impala la wazi, na msichana ndani yake, kwenye kilele cha mnara wa mwamba katika jangwa la Utah. Helikopta ndiyo iliyolipandisha. Mjomba, kwetu gari likionekana mahali kama pale, watu wanauliza dereva amezikwa wapi. Huku wakauliza bei.

Lakini lililonivunja mbavu ni la Plymouth Road Runner ya 1968. Wenyewe walilipa Warner Bros. dola 50,000 watumie jina na sura ya yule ndege wa katuni anayekimbia jangwani, kisha wakatoa dola 10,000 nyingine kutengeneza honi inayolia kama yeye. Sitini elfu kwa ajili ya "bip bip"! Daladala za kwetu zinapiga honi ya wimbo mzima na konda anaongeza sauti ya pili, bure.

Nikaona nami nisiwe mtu wa kupokea tu. Nikamtolea kile kisa chako, Mjomba, cha Safari Rally ya 1964. Kampuni ya Ford ilikuwa imejigamba kwamba magari yake aina ya Mercury Comet yamekimbia maili 100,000 kwenye lami ya Daytona kwa kasi ya ajabu. Wakayaleta Afrika Mashariki wakamilishe sifa. Tope letu likayapokea kwa heshima zote. Yalipoanza yalikuwa sita, yakamaliza mawili, tena mkiani kabisa, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina, kigari kidogo cha Uingereza. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikamwambia kwamba mjomba wangu alisukuma moja kwa mikono yake. Sikumwambia kwamba kila mwaka unapokisimulia kisa hicho idadi uliyosukuma inaongezeka.

Kisha nikamuuliza alilinunua gari lake mwaka gani, nikitegemea aseme 1966. Akasema 2001. Ujanani alikuwa akiendesha gari la baba yake, bovu, refu, la kubebea watoto na magunia ya viazi. Akaingia kiwandani akiwa na miaka 18, akafunga nati miaka 30, akapata kiinua mgongo, ndipo akalitafuta hili. Na alipolipata? Breki zake ni za ngoma magurudumu yote manne, kwa hiyo, asema, inabidi uziombe kabla hujazihitaji. Kiyoyozi hakuna. Mafuta linakunywa kama mgeni wa harusini. Kwenye tangazo hayo hayamo. Kwenye tangazo hakuna anayejaza mafuta, hakuna mvua, hakuna mtoto anayetapika siti ya nyuma.

Na hakuna mtu wa rangi yetu. Nilifungua kurasa nyingi za jalada lile sikumwona hata mmoja, ilhali Weusi kwa maelfu walikuwa viwandani Detroit wakiyaunda magari hayo hayo. Nikamuuliza mzee kama jambo hilo halikumuuma alipokuwa mtoto. Akachukua ule ukurasa wa nailoni, akaweka kidole gumba juu ya yule bwana na bibi waliokaa kwenye Mustang. Likabaki gari peke yake. "Nilikuwa nalitazama hivi," akasema.

Mjomba, nilirudi nyumbani nikikifikiria kidole kile. Miaka 37 mtu alikuwa akilitamani gari asilowahi kuligusa. Kinachomliza hadi leo ni ukurasa wa kinyozi. Nikaona ni mambo ya Wamarekani hayo, nikacheka, nikatuma picha, nikalala; asubuhi nikafungua simu, nikakuta ujumbe 63. Ndipo nikaelewa kwamba nami ni mchoraji wa Pontiac. Nilichagua gari jekundu, jua la jioni, pembe nzuri, nikanyoosha maisha yangu kwa brashi. Sikuwaonyesha ghala ninakopakia mizigo usiku. Sikuwaonyesha kodi.

Kwetu angalau tuna adabu katika jambo hili. Mtu hununua lori kwanza, likamtesa, likamfilisi, likalala njiani Segera siku tatu, ndipo anaandika nyuma: "Mungu Anajua". Hilo ni tangazo la mtu aliyeona kwa macho yake. Huku wanaandika kwanza, unateseka baadaye kwa mkopo.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua ile picha mbele ya wazee wa kijiwe, weka kidole gumba juu ya gari. Kinachobaki, mimi na shati la mtumba na mgongo unaouma, ndicho changu. Mwambie Binamu posa isubiri. Shangazi shukrani zake asizirudishe, Mungu hakosi pa kuzitumia. Mabati nitatuma ya kuanzia, kumi, mwezi ujao.

Naambatanisha picha nyingine, ya gari langu la kweli. Ni kigari cha Kijapani, rangi ya majivu, kimesafiri kuliko mimi. Bampa la mbele nimelifunga kwa utepe wa gundi tangu Novemba, nilipogongana na kulungu. Yeye akaondoka bila kuaga. Nyuma hakina maandishi, naomba unitafutie neno. Na ukiniona nimeegemea, Mjomba, usihofu. Safari hii nimeegemea kwelikweli, uzito wangu wote, na mkanda nimevaa.

Mpwa wako mtiifu