Kitasa cha Choo na Bei ya Serikali

Choo cha wavulana cha shule yetu ya msingi hakina kitasa. Dukani kwa Mangi, ng'ambo ya barabara, vitasa vinaning'inia ukutani vimeshika vumbi. Mtu aliyebanwa na tumbo angedhani suala limekwisha hapo.

Wapi! Fedha za umma haziendi dukani peke yake, husindikizwa. Kwanza kitu kiwe kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Kitasa hakimo, kwa sababu mpango ulipoandikwa kilikuwa bado kizima. Halafu muuzaji awe amejisajili NeST, ule mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni ulioanza mwaka wa fedha 2023/24. Mangi ana simu ya kitochi. Mwalimu mkuu anayo simu janja, ila mtandao wa kwetu unashika chini ya mwembe tu, tena mvua isiponyesha.

Sidai udhibiti uondolewe, turudi enzi za kila mtu na daftari lake; bei za ajabu zipo. Majirani zetu wa Bungoma, Kenya, mwaka 2015 kaunti yao iliuziwa matoroli 10, kila moja kwa zaidi ya shilingi 109,000 za kwao. Toroli, jamani, la kusukuma kwa mikono!

Kinachonichoma ni bei. Nilimuuliza Mangi kitasa kinakwendaje.

"Kwako mzee wangu, elfu kumi na tano. Kwa halmashauri, elfu thelathini na tano."

Nikamkazia macho. Wala hakutetereka.

"Wewe unalipa sasa hivi. Wale niliwauzia mbao, kila nikienda naambiwa fungu halijaingia. Mwenye mzigo Kariakoo hangoji fungu."

Nikanyamaza. Elfu ishirini ya juu ni malipo ya kuzungushwa, na ukimwita Mangi mwizi umemwonea. Ila mkaguzi ataiona bei, ataandika hoja, na halmashauri itajibu hoja kwa kutuongezea fomu.

Watoto, kwa upande wao, wameshajipanga: mmoja akiingia, mwenzake anashikilia mlango kwa nje. Darasa la tatu wana zamu kabisa, na hakuna aliyetangaza zabuni.

Sasa Juni imeingia. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na fedha isiyotumika inarudi Hazina, basi watu waliokuwa hawapokei simu wanapiga wenyewe, hata usiku. Juzi nimeletewa barua yenye mihuri miwili: nimeteuliwa mjumbe wa kamati ya ukaguzi na mapokezi. Nikaenda, nikakuta soda, maji na karatasi ya mahudhurio. Nikauliza kitasa cha kukagua kiko wapi.

"Mzee, saini kwanza hapo," akasema kijana wa manunuzi. "Kitasa tutakifuatilia kwenye bajeti ijayo."