Bado Unatafuta Gauni?

Kuna maduka ya magauni ya harusi yanayoamini kwamba mwanamke akishaolewa ndipo hamu ya kuolewa inapomzidi. Amenunua gauni na shela, amelipa, amepiga picha, sasa ana mimba ya miezi saba, na kila Ijumaa barua pepe inambishia hodi: "Mpendwa, bado unatafuta gauni la ndoto zako?" Mumewe akiisoma, aelezwe nini? Wakati huohuo binti aliyeulizia bei tu, tena kwa niaba ya dada yake, anashukuriwa kwa kununua na kuulizwa gauni lilimkaaje.

Orodha ni moja. Walionunua, walioulizia, walioingia kukwepa mvua, wote wamo, na mwenye duka anajisifu kuwa ana wateja maelfu. Kutenganisha "amenunua" na "bado" ni kazi ya mchana mmoja, ila mchana huo aliutumia kuchagua rangi ya maua ya pembeni mwa tangazo.

Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya DEC, alilaaniwa mwaka 1978 kwa kuwatumia watu wapatao 400 barua pepe ya kutangaza kompyuta za kampuni hiyo bila kuombwa. Lakini hata yeye alichagua: maonyesho ya kompyuta hizo yalikuwa California, akawaalika wa magharibi mwa Marekani.

Tangu 2024 Gmail inawataka watumaji wakubwa waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja. Duka letu, kwa kuwa ni dogo, linataka kwanza sababu: barua zimezidi, bei ghali, sikumbuki kujiandikisha. "Nimeshaolewa" haimo.