Ruaha Ipi, Mjomba?

Mimi na mjomba wangu tunaitana mjomba. Yeye huniita hivyo, nami humjibu vivyo hivyo, na anayetusikiliza kwa pembeni hajui mkubwa ni nani. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba balaa la wajina lilianzia nyumbani, kabla halijafika barabarani.

Siku hiyo alikuwa anatoka Morogoro kwa basi kuja kunitembelea Iringa. Simu ikalia. “Mjomba, nimeshuka Ruaha. Njoo na pikipiki.” Nikauliza kama anaona mto. Anauona. Daraja je? Lipo. Vitunguu? Vimepangwa kando ya lami. Ushahidi ukakamilika: ni Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vyao vinavyosifika. Tamaa imemshusha mzee.

Kutoka kwangu Kihesa hadi Mbuyuni ni karibu kilomita 100, na njiani upo mlima Kitonga. Kuushuka Kitonga kwa pikipiki ya kichina nyuma ya lori la shehena ni ibada kamili: kila kona unasali, na mbele yako breki za lori zinafukiza ubani. Nikafika chini jasho likinitiririka ndani ya koti. Nikakagua kila meza ya vitunguu. Mjomba hayupo.

“Mjomba, nipo darajani.”

“Hata mimi nipo darajani.”

Mama mwenye meza, aliyekuwa akitusikiliza bila aibu, akaomba simu. “Mzee, shikamoo. Hapo ulipo kuna joto au baridi?” Akasikiliza, akanirudishia. “Anasema kavaa sweta. Kaka, mzee wako yuko Ipogolo.”

Ipogolo! Chini tu ya mji wa Iringa, ndani ya kata ya Ruaha, penye daraja la Ruaha Mdogo. Nilikuwa nimempita asubuhi ile ile, na honi nikapiga.

Jioni jirani yangu Mhehe akanieleza kwamba jina Ruaha limetokana na neno la Kihehe ruvaha, yaani mto. Kumbe mjomba aliniambia yuko mtoni, nami nikaenda mto mwingine. Nikashukuru tu kwamba sikuwaza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kule pikipiki haziruhusiwi kuingia, na simba hamuulizi mtu ametumwa na nani.

Miezi mitatu baadaye kukawa na harusi Mbeya. Mjomba akaapa hapandi tena basi. Atakuja kwa ndege. Mimi nikaondoka na pikipiki, safari ya zaidi ya kilomita 300, nimekunja gazeti kifuani ndani ya koti kuzuia upepo. Gazeti lilistahimili hadi Mafinga. Kwenye mipaina ya Sao Hill baridi ikaanza kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Makambako upepo ukawa unanisukuma pembeni kama abiria anayegombea siti. Chimala nikafufuka. Uyole nikanunua gazeti jipya.

Kesho yake simu ikalia. “Mjomba, natua Songwe saa nne.”

Mara hii nilikuwa nimeerevuka. “Songwe ipi?”

“Songwe ya Mbeya, mjomba!”

Nikacheka kimoyomoyo. Mzee kapitwa na wakati: Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, sasa ni mkoa, na makao makuu yake ni Vwawa. Nikashika barabara ya Tunduma. Nilipovuka Mbalizi nikaona kibao cha Uwanja wa Ndege wa Songwe. Kwa kuwa nilikuwa bado mkoa wa Mbeya, nikaona kibao ndicho kilichokosea. Nikakipita. Naam, nilitumwa kumpokea abiria wa ndege, nikaupita uwanja wa ndege. Elimu ikizidi hufanya hivyo.

“Mjomba, nipo Songwe,” nilimwambia nilipofika Vwawa.

“Hata mimi nipo Songwe.”

Nikakumbuka kipimo cha mama wa vitunguu. “Hapo ulipo kuna joto au baridi?”

“Baridi.”

Na Vwawa baridi. Kipimo cha Mbuyuni kikafia hapo.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakanipa darasa bila ada. Kuna mkoa wa Songwe. Kuna wilaya ya Songwe, makao yake Mkwajuni. Kuna mito miwili ya Songwe: mmoja unakwenda Ziwa Rukwa, mwingine ni mpaka wetu na Malawi na unaishia Ziwa Nyasa. “Mzee wako kakutajia ipi?” Nikasema anaona ndege. Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Nilipofika uwanjani, mlinzi alinitazama juu hadi chini. “Wewe ndiye mjomba? Mzee amesema anamsubiri mjomba wake. Tulikuwa tumemwandalia kiti.”

Siwalaumu waliotoa majina. Aliyeuita mto “mto” alikuwa na mmoja mbele ya nyumba yake, na hapakuwa na wa kumuuliza upi. Ni sisi wenye magurudumu tuliokuja kuziunganisha Ruaha zote kwa siku moja. Basi, msomaji, ukinialika kwako, jina la mahali baki nalo. Nitajie mti, duka, na mama ntilie wa jirani. Petroli ni ya kwangu.