Heshima kwa Lumbesa

Maneno ya kutafutia pesa ni mengi, lakini sijapata kusikia lililoshiba kama lumbesa. Gunia la kawaida huishia mdomoni. Lumbesa huanzia hapo. Nenda Kasulu msimu wa mavuno ujionee: mnunuzi huchukua kipande cha gunia jingine, akakishonea juu ya lile lililokwisha kujaa mahindi ya debe 6, akashindilia kwa goti, akasuka kamba kwa subira ya msusi wa nywele, mpaka kilemba kikasimama. Mkulima yuko kando, anamimina debe la 7, kisha la 8. Bei haitikisiki, kwani walipatana kwa gunia, na gunia ni lile lile moja. Uaminifu ulioje!

Faida zake hazihesabiki, na hiyo ndiyo faida ya kwanza: hakuna anayehesabu. Mkulima wa Heru Juu amepumzishwa na mizani, chuma kikavu kisichojua utu. Mpagazi wa Kibondo amejaliwa mgongo wa unyenyekevu, umeinama hata asipobeba kitu. Halmashauri nayo, pale ushuru wa mazao unapokusanywa kwa idadi ya magunia, imeepushiwa adha ya kupokea fedha nyingi. Kisha gunia lenyewe likishushwa Kahama au Dar es Salaam hufunguliwa, likauzwa kwa kilo, na punje zote zilizoingia bure zikapata bei. Ni baraka gani nyingine inayoongezeka kwa kusafirishwa tu?

Wakala wa Vipimo, kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hushikilia kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Nawaheshimu, ila wanashindana na moyo wa binadamu. Nani kati yetu hana lumbesa yake ya siri? Mama anayewalaani walanguzi asubuhi, jioni yuko sokoni anamwambia muuza dagaa, "Niongezee basi, mimi si mteja wako?" Bodaboda akipakia mishikaki, abiria watatu na kuku wao, hiyo ni lumbesa ya magurudumu mawili.

Kwa hiyo msimu ujao namsihi mkulima asingoje kuombwa. Aje gulioni na debe lake la 8, na kamba, na sindano ya kushonea, maana mnunuzi ametoka mbali na huenda ya kwake ameisahau.