Likizo ya Mtu wa Juba: Maelezo kwa Walio Nyumbani

Likizo ya mtu wa Juba ni safari fupi ya wanandoa wawili, mmoja akitokea Sudan Kusini na mwenzake nyumbani, wanaokutana kwenye hoteli ya ufukweni ili wazoeane upya kabla siku hazijaisha. Mara nyingi hufanyika Diani, Watamu, Nungwi au Paje. Isichanganywe na likizo ya kwenda kijijini, ambayo huangukia Desemba, huhitaji mbuzi na haimpumzishi mtu yeyote. Maelezo haya yanahusu ile ya ufukweni tu, kwa sababu ndiyo inayozusha maswali mengi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Wa Juba anaweza kuwa mume au mke. Wamo wahasibu kutoka Kenya, wauguzi kutoka Uganda, mafundi wa jenereta kutoka Tanzania, na wengine ambao kazi yao ni ngumu kuieleza kwa mama mzazi. Mlango wa kazi hizo ulifunguka kwa mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, baada ya mazungumzo ambayo sehemu yake kubwa ilifanyika kwenye hoteli ya kando ya Ziwa Naivasha. (Nchi yenyewe basi ina asili ya hotelini, na wageni waliofika mapema waliiona asili hiyo kwenye bei: kulala ndani ya hema au kontena kando ya Mto Nile kulizidi dola 100 kwa usiku.) Benki ya KCB ilifika Juba mwaka 2006, uhuru ukafuata tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2016 Sudan Kusini ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Umoja wa Mataifa umeiweka Juba miongoni mwa vituo ambavyo mfanyakazi haruhusiwi kufuatana na familia. Mwenzake hubaki Nakuru, Mbarara au Dodoma, na fidia ya kutengana huko ni mapumziko yanayotolewa kila baada ya wiki kadhaa: siku 5 za kazi, muda wa njiani ukihesabiwa kando. Wafanyakazi huyaita R&R. Zikiunganishwa na Jumamosi na Jumapili za mwanzo na mwisho, siku hufika 9, na hakuna mtu wa Juba asiyeijua hesabu hiyo. Mfanyabiashara wa soko la Konyokonyo hana R&R. Yeye hupumzika biashara ikilala, tena hurudi kwao kwa basi la Nimule, kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012.

Jambo la kwanza kuzua mabishano ni mahali pa kwenda. Februari na Machi joto la Juba hugonga nyuzi 38 na kupita, na chumba cha kontena hulihifadhi hadi usiku wa manane. Aliyeishi hivyo kwa miezi hana hamu yoyote ya jua. Anachokiota ni sweta, ukungu na blanketi zito: Limuru, Lushoto, Kabale. Kwa bahati mbaya mwenzake anaishi Limuru. Ameamka kwenye ukungu huo mwaka mzima, amekausha sare za watoto jikoni, na anachotaka ni kulala kifudifudi juu ya mchanga wa moto. Bahari hushinda kila mara, na ni haki yake kushinda, kwani anayelea watoto peke yake ana kura mbili. Hivyo wa Juba huliacha joto lililokuwa bure akalipia lingine lenye chumvi.

Suala la pili ni majira. Zamu za mapumziko hupangwa ili meza za ofisi zisibaki tupu, na mpangaji hana habari ya masika. Wengi huangukia Aprili au Mei, wakati hoteli kadhaa za Zanzibar zimefunga kwa matengenezo na zilizobaki wazi zimeteremsha bei. Ndugu walioona bei hiyo kwenye simu ya mtu na kudhani ni upendeleo wa watu wa Umoja wa Mataifa waelewe kwamba ni bei ya mvua.

Safari yenyewe huanzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Wa vituo vya mbali kama Bentiu, Malakal na Pibor hulazimika kwanza kufika Juba kwa ndege za kibinadamu za UNHAS, zinazoendeshwa na Mpango wa Chakula Duniani. Abiria wake hubeba kilo 20, na njia ya kurukia ya udongo ikilowa, safari huahirishwa hadi ikauke. Kuna waliokwishalipia vyumba Nungwi huku wamekaa juu ya mabegi yao Maban wakitazama tope.

Uwanja wa Juba una sifa yake, na wakongwe wa kazi hawapendi kuiona ikipungua. Mwaka 2017 tovuti ya wasafiri The Guide to Sleeping in Airports iliutaja kuwa mbaya kuliko viwanja vyote duniani. Jengo jipya lilikuwa likisimama na kukwama miaka nenda rudi, na abiria wakahudumiwa kwenye mahema yaliyotandikwa mbao, mbao zenyewe zikiwa na matundu ya kutosha kumeza kisigino. Mizigo ilifunguliwa kwa mkono juu ya meza. Ofisa aliinua nguo moja moja, akauliza hiki nini, akaridhika, kisha akachora alama ya chaki ubavuni mwa begi. Begi lisilo na chaki halikuondoka. Chaki ile haikufutika upesi, na kwenye foleni ya hoteli ya Diani mtu wa Juba alimtambua wa Juba mwingine kwa begi kabla ya salamu. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2018, lenye viti na paa lisilopepea, na tangu hapo waliowahi kupita mahemani hujiona maveterani.

Picha uwanjani haziruhusiwi, na askari wanaosimamia amri hiyo hawana mzaha. Hili liwekwe wazi kwa walio nyumbani kwa sababu limezua ugomvi usio wa lazima. Mwenzake huandika, “Nitumie picha ukiwa unapanda.” Picha haiji. Kinachokuja ni ujumbe, “Hapa hawaruhusu,” ambao kwa mtu asiyewahi kufika Juba una harufu ya uongo. Ni kweli tupu.

Ndege hadi Nairobi huchukua kama saa moja na nusu hivi, lakini tangu tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini iliporudisha saa zake nyuma, Juba iko saa moja nyuma ya Nairobi. Anayeruka saa sita mchana hutua ikikaribia saa tisa. Saa hiyo iliyopotea hutoka moja kwa moja kwenye likizo. Mwenzake amesimama sehemu ya wanaowasili tangu saa saba, kwa kuwa aliambiwa muda na hakuambiwa ni muda wa nchi gani.

Wakishakutana, wengine huunganisha ndege na wengine hupanda treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kwenda Mombasa mwaka 2017. Treni ina faida moja ambayo haiandikwi kwenye matangazo. Saa tano na ushee za kukaa ubavuni, macho yakitazama tembo wa Tsavo badala ya kutazamana, huwapa nafasi ya kuanza mazungumzo polepole. Waendao kwa ndege hufika hotelini bado wakiitana kwa adabu.

Mapokezi ya hoteli huleta mtihani wa bei. Kuna ya wageni wa mbali, na kuna nafuu ya wakazi wa Afrika Mashariki. Wa Juba hutoa pasi ya Kenya. Sawa. Huulizwa anaishi wapi, akatoa kibali cha kazi cha Sudan Kusini. Karani hushika simu na kumwita meneja. Orodha iliyobandikwa ukutani ina Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na hapo ilipochapishwa Jumuiya iliishia hapo. Somo fupi hutolewa kaunta: Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Meneja husikiliza kwa heshima, kisha huuliza kama dola zilizoletwa ni mpya. Noti za kabla ya 2009 hazitakiwi, wala zilizokunjwa, na mtu wa Juba, aliyezoea kukataliwa noti zake sokoni, ndiye pekee kwenye foleni aliyezileta zimenyooka ndani ya kitabu.

Baada ya hapo huvishwa kibangili cha plastiki mkononi na kuingizwa kwenye chumba chenye kitanda cha futi sita kwa sita kilichopambwa kwa taulo zilizokunjwa zikawa batamaji. Siku ya kwanza bahari haipo. Ufukwe wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, maji yakipwa huenda mbali sana, na kinachobaki ni mchanga, vigingi vya mwani na kina mama wakivuna. Kilimo hicho kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo kina mama ni wenyeji zaidi kuliko hoteli. Mwenzake, aliyeingoja bahari mwaka mzima, huambiwa itarudi saa kumi jioni. Diani maji hayaendi mbali hivyo, ila tumbili hushuka kwenye makuti na kuchukua mkate mezani mbele ya macho ya mlipaji.

Tabia za Juba hujitokeza usiku. Ofisi nyingi huko zimewawekea wafanyakazi saa ya kuwa ndani, na mwili haujui kwamba umepelekwa likizo. Ngoma inapoanza kunoga saa mbili usiku, wa Juba ameshatazama mlango mara nne. Mgahawani huchagua kiti kinachogusa ukuta. Huoga kwa dakika mbili na kufunga bomba, kwa sababu maji ya Juba huletwa kwa gari la tangi na kila ndoo ina bei. Usingizi nao hukataa kuja kwa vile hakuna jenereta inayounguruma nje. Mwenzake, aliyesafiri kilomita mia kadhaa kuutafuta ukimya huo, huombwa aufungulie feni.

Ugomvi mkubwa huja siku ya tatu. Kisababishi ni kidogo kila wakati, ila mzizi wake ni mmoja: aliyebaki nyumbani amekuwa akiamua peke yake, haraka, huku mtoto akilia na fundi wa bomba akiwa mlangoni, wakati wa Juba amefundishwa na ofisi kwamba hakuna linaloamuliwa bila sahihi tatu. Papasi, yaani dalali wa ufukweni, hufika na mashua ya kwenda kisiwa cha Mnemba. Wa nyumbani anasema twende. Wa Juba anataka kotesheni tatu. Huzunguka ufukweni kuzitafuta, akarudi na bei nafuu kwa dola mbili, na kukuta mashua imekwenda. Siku hiyo chakula cha jioni huliwa kimya kimya, kila mtu akijipakulia zaidi ya uwezo wake kwa kuwa kibangili kimeshalipa.

Suluhu huletwa na watoto. Wanapiga simu saa kumi na mbili asubuhi kushitakiana, na wazazi wawili wanaonuniana hujikuta wakitoa hukumu moja kwa sauti moja. Siku mbili zinazofuata huwa nzuri kweli, na hizo ndizo sababu ya yote. Maelezo yanayotaka kuonyesha likizo hii kuwa hasara tupu yangekuwa ya mtu asiyewahi kukaa na mwenzake kwenye maji ya magotini, kanga imelowa, wakijadili kama wamalize nyumba au wanunue kiwanja.

Hapo ndipo ujumbe wa ukoo huingia. Mjomba ana upasuaji, binamu ana kikao cha harusi, na mtu wa Likoni ameona picha na anauliza mbona hawakupita kusalimia. Ieleweke kwamba hoteli ililipwa kwa akiba ya mwaka, na kwamba siku 9 haziwezi kugawanywa kwa nyumba saba za ndugu zikabakia na kitu. Ni kweli pia kwamba wa Juba hutuma kitu hata hivyo, usiku, mwenzake akiwa bafuni, na kwamba mwenzake alikwishatuma chake mchana.

Safari ya kurudi haina mengi. Wanaagana Nairobi kwenye lango la usalama, ndege inaruka, na Sudan Kusini inamrudishia msafiri ile saa moja, wakati hana tena wa kuitumia naye. Uhamiaji hupiga mhuri, kadi ya njano ya homa ya manjano hutazamwa, na mizigo hutoka ikiwa mizito kuliko ilivyokwenda: unga, majani ya chai, pilipili ya kusaga, na halua iliyoagizwa na watu sita. Kambini wenzake humuuliza Zanzibar ilikuwaje. Huwaonyesha picha tatu zilizopigwa jua lilipochomoza kidogo kati ya mvua mbili, na kwa ushahidi huo anayefuata kwenye zamu, ambaye likizo yake ni Mei, hulipia chumba kilekile.