Lea Kitambi, Misuli Itajiju

Mjini mtu akiongezeka kilo anapongezwa. "Kaka, umenawiri! Mambo si haba." Pokea sifa, ila usibweteke. Kitambi ni kazi ya wanagenzi, hata kifungo cha shati kinakisemea. Bingwa wa kweli hufikisha mafuta ndani ya seli za misuli, ambako fundi cherehani hawezi kupima.

Anza na usafiri: kitandani hadi bodaboda, bodaboda hadi kiti cha ofisi. Ukikuta lifti mbovu, ahirisha kikao. Mchana chipsi mayai na soda ya kushushia. Usiku kula tena saa nne, ndipo ulale. Ghala la mafuta chini ya ngozi likielemewa, ziada itajibanza kwenye ini na kwenye misuli.

Hapo ndipo penye uhondo. Baada ya mlo, misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari iliyo kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huenda kupiga hodi kwa seli ya msuli. Milango ya sukari haikai ukutani. Imewekwa ndani, na hodi ikisikika ndipo hubebwa na kupachikwa, sukari ikapita. Kazi yako ni kuhakikisha hodi haiitikiwi. Mafuta yakirundikana ndani ya seli, mazao yake, kama seramidi, huukatiza ujumbe njiani. Insulini inabisha, ndani kimya. Kongosho, mtiifu asiyejua kununa, litatuma insulini zaidi, na zaidi tena. Siku likichoka utapewa kadi ya kliniki ya kisukari, ambako utawakuta wenzako kadhaa waliowahi kunawiri.

Kuna pia mitokondria, vinu vidogo vinavyochoma mafuta na sukari. Kwa wenye unene uliopitiliza, mara nyingi huonekana vimekatika vipandevipande na kufanya kazi kwa kusuasua. Usivisumbue.

Ukitaka kuona paja lako la baadaye, nenda buchani. Mwombe muuza nyama akukatie kipande cha ng'ombe aliyenoneshwa bandani, kisha cha yule aliyeswagwa porini miaka yote. Cha kwanza kina mistari myeupe iliyopenya katikati ya wekundu. Mlaji wa steki huilipia mistari hiyo ghali. Wewe unaitengeneza mwenyewe. Na paja linaweza kuwa nene kuliko la jirani yako mwembamba, ila ukipima nguvu kwa kila kilo ya msuli, yeye atakushinda.

Onyo moja. Utasikia kwamba wakimbiaji wa mbio ndefu nao wana matone ya mafuta ndani ya misuli, na ni kweli, tena si haba. Lakini wao huyachoma leo na kuyajaza kesho, na insulini kwao ikibisha hukaribishwa mara moja. Usijifananishe nao, wanakimbia.

Hatari kubwa zaidi ni matembezi baada ya chakula. Msuli unaojikunja na kujikunjua hupachika ile milango wenyewe, bila kungoja hodi ya insulini, na jasho lako lote la kukaa likapotea bure. Kwa hiyo mkimaliza ugali na mkeo akakwambia, "Baba Asha, twende tukanyooshe miguu kidogo," mwambie goti linauma. Kwa kilo ulizokwisha kuongeza, wala hutakuwa umedanganya.